Je, Michezo Midogo ya Visanamu Itamvuta Asiyejali Michezo ya Vita?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipaka rangi visanamu na kucheza Warhammer 40,000, mchezo mkubwa wa vita vya mezani, na marafiki wawili. Mke wangu, shemeji yangu na wenzangu wa kazini huvitoa visanamu kabatini, wakavishika na kuvisifu, lakini nikishatandaza mchezo kila mmoja anakumbuka shughuli aliyoiacha nyumbani. Sasa nasikia kuna michezo midogo, visanamu vitano au kumi tu kila upande. Inaweza kumvuta mtu ambaye vita vya mezani havimhusu? Nina rafiki mwenye mkahawa aliyenipa meza mbili za Jumapili alasiri. Nianze na upi, na nitumie pesa ngapi?

JIBU: Ndugu yangu, inaweza, na hapa Nakuru nimeiona ikitokea. Ila udogo wenyewe usikudanganye. Kuna michezo ya visanamu sita yenye kanuni nzito kuliko huo wako wa visanamu sitini, na ukinunua kwa kuangalia idadi tu utajiongezea mzigo mwingine wa kabatini.

Kuna jambo katika swali lako ambalo nadhani umelipita haraka: watu wako huvishika visanamu. Mtu asiyecheza akichukua kisanamu mkononi huuliza, karibu kila mara, "Huyu ni nani?" Haulizi ana nguvu kiasi gani wala risasi yake inafika wapi. Kwenye mchezo mkubwa jibu la kweli linatia aibu kidogo: huyu ni mmoja wa watu kumi wa kikosi, hana jina, na kazi yake hasa ni kuondolewa mezani mapema ili mwenzake mwenye bunduki kubwa abaki. Shemeji akishasikia hivyo anamrudisha kabatini na kuuliza kama chai iko tayari. Mchezo mdogo unaofaa ni ule unaoweza kulijibu swali lake. Huyu ni mganga, yule ni mwanafunzi wake, na huyu anayechechemea aliumia mara ya mwisho mlipocheza na hajapona. Mtu akishakuwa na mtu wake mezani atataka kujua yatakayompata, hata kama vita haimvutii hata kidogo.

Historia ya michezo hii inalionyesha jambo hilo vizuri. Michezo ya vita ya mezani ilikomaa mikononi mwa maofisa wa jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, waliopata kanuni za ofisa mwenzao Reisswitz mwaka 1824 ili wajifunze ukamanda. Kumbuka kitu kimoja kuhusu kanuni zile, kwa maana nitakuhitaji ukitumie baadaye: aliyezishika alikuwa mwamuzi. Wachezaji walitoa amri, yeye akapiga hesabu. Mwaka 1913 H. G. Wells alichapisha kanuni zake za kuchezea sakafuni, kwa visanamu vya askari vya kuchezea watoto na mizinga midogo iliyorusha vipande vya mbao. Hata mpita njia angeuelewa mchezo ule kwa kuchungulia tu mlangoni.

Lakini mlango mkubwa ulifunguka Marekani. Mwaka 1969, huko Minnesota, David Wesely aliandaa mchezo wa enzi za Napoleon katika mji wa kubuni uitwao Braunstein, na badala ya kumpa kila mtu jeshi, aliwapa baadhi yao nafasi ya raia mmoja mmoja wa mji ule, kila mmoja na haja yake. Watu wakaanza kuvutana pembeni, kunong'onezana na kupanga njama. Dave Arneson alikuwa katika kundi lile. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za Chainmail, ambamo shujaa mmoja aliweza kusimama mahali pa kikosi kizima, na mwaka 1974 Gygax na Arneson wakatoa Dungeons & Dragons. Wengi wanaoucheza mchezo huo wa kuigiza wahusika leo hawajawahi kusogeza kikosi kwa rula, na hawana haja. Umati ule uliingia pale jeshi lilipopungua likawa mtu mmoja mwenye jina.

Na kuna Subbuteo, soka ya mezani ya kusukuma visanamu kwa kidole, ambayo wapenzi wa michezo ya vita huisahau kila mara. Peter Adolph alianza kuiuza Uingereza mwaka 1947. Visanamu kumi na kimoja kila upande, umbali, pembe za kulenga, kidole kilichotulia. Ukiichunguza, huo ni mchezo wa visanamu kamili, wenye idadi inayokaribia ile unayoniuliza, na hakuna aliyewahi kuuita mchezo wa vita. Seti za kwanza hazikuwa hata na uwanja. Ulipewa chaki ujichoree mistari juu ya blanketi kuukuu la jeshi, na wachezaji wenyewe walikuwa wa kadibodi. Jaribu kumweleza shabiki wa Gor Mahia mchezo huo, uone utahitaji sentensi ngapi.

Basi kwa nini michezo mingi midogo ya siku hizi bado inamshinda mgeni? Kwa sababu mbunifu akishapunguza visanamu huogopa mchezo utakuwa mwepesi mno, na uzito wote alioutoa huurudisha juu ya vile vichache vilivyobaki. Chukua Kill Team, ambayo bila shaka ndiyo uliyoiona kwanza kwa kuwa inatoka kwa kampuni ile ile ya Nottingham, Uingereza, inayotoa 40,000 yako. Ubao wake ni inchi 22 kwa 30, yaani karibu sentimita 56 kwa 76. Ukishatoa vitambaa vya mke wako unakaa vizuri juu ya meza ya sebuleni, wakati mechi ya kawaida ya 40,000 inadai inchi 44 kwa 60. Kwa nafasi, umeshinda. Lakini kila mpiganaji ana silaha zake, silaha zina masharti yake, na mwenyewe ana kitu cha pekee ambacho wenzake hawana. Fanya hesabu hii. Visanamu sitini vya aina tano ni mambo matano ya kukumbuka. Visanamu saba vya aina saba ni mambo saba, na mgeni anatakiwa kuyajua yote katika dakika kumi za kwanza.

Toleo lake la mwaka 2021 lilifika mbali zaidi. Liliondoa hata inchi, likaweka pembetatu mahali pa inchi 1, duara mahali pa 2, mraba mahali pa 3 na pembetano mahali pa 6. Huku kwetu fundi seremala na muuza mbao wote huzungumza inchi tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo tulikuwa tunamfundisha mtu alama mpya ili apime kitu ambacho tayari alijua kukipima! Toleo la 2024 limerudi kwenye inchi, na nilifurahi. Sisemi mchezo ni mbaya. Kwako wewe na marafiki zako wawili ni mzuri sana, tena utawaokolea muda. Kwa shemeji yako, subiri kwanza.

Kinachomfukuza mgeni haraka kuliko vyote ni kungoja. Katika mchezo wako mkubwa upande mmoja husogeza kila kitu, hupiga kila kitu, halafu ndipo mwenzake aanze, na kwa wachezaji wanaopenda kufikiri hiyo inaweza kuwa nusu saa ya mgeni kutazama simu. Angalia wanaume wanaocheza drafti kwa vizibo pale stendi ya boda. Hawajui neno lolote kuhusu nadharia ya michezo, ila huwezi kuwang'oa pale, kwa sababu kila sekunde chache zamu inawarudia. Tafuta mchezo ambao mnasogeza kisanamu kimoja kimoja kwa kupokezana, au ambao zamu huhama haraka. Michezo mingi midogo imefanya hivyo, na ukiona usiofanya hivyo uache dukani.

Kwa jambo hili sijaona ulio bora kuliko Song of Blades and Heroes, wa Andrea Sfiligoi wa Italia, uliotoka mwaka 2007. Kila kisanamu kina namba mbili tu za msingi, ya ubora wake na ya uwezo wake wa kupigana. Zamu ikifika unachagua kisanamu na kuamua utakirushia dadu ngapi: moja, mbili au tatu. Kila dadu inayofaulu inakipa tendo moja. Zikishindwa mbili, zamu yako imekwisha pale pale na mwenzako anaichukua, hata kama wapiganaji wako wengine hawajasogea. Uamuzi wote umo katika swali ambalo kila mtu hulielewa: nijaribu bahati yangu au nitosheke? Aliyewahi kusema "niko kadi" akabaki na karata moja mkononi huku wengine wakimkodolea macho ameshaujua mchezo huu nusu. Mezani utawasikia watu ambao hawana habari na panga wala joka wakipiga kelele, "Rusha tatu! Rusha tatu!", na hapo ujue umewapata.

Bahati ina kazi nyingine ambayo wakongwe hawaipendi. Mtu mzima hafurahii kushindwa mbele ya watu katika jambo ambalo hata hakuliomba. Mchezo unaompa mjuzi ushindi kila mara utakubakisha wewe na wajuzi wenzako. Frostgrave, wa Joseph A. McCullough, uliotoka mwaka 2015, huamua pigano kwa dadu ya pande ishirini: kila mmoja anarusha, anaongeza namba yake, mkubwa anashinda. Pengo kati ya mpiganaji hodari na mlinzi wa kawaida ni pointi chache tu, kwa hiyo mlinzi wa kawaida humwangusha hodari mara kwa mara, na meza nzima hucheka. Wapenzi wa mikakati huulalamikia sana. Waache walalamike, Jumapili yako haikuandaliwa kwa ajili yao. Kila mchezaji ana mchawi mmoja na watu wake, wasiozidi kumi jumla, na shabaha kuu ni kuokota hazina kwenye magofu ya mji ulioganda na kutoka nazo mezani. Unaweza kushinda bila kumuua mtu. Wala hulazimiki kununua visanamu vya kampuni fulani, hata wale wako wa 40,000 wakivishwa majoho ya karatasi wanaruhusiwa.

Hilo la kushinda bila kuua lina uzito wake huku kwetu. Kwa mtu wa Nottingham jengo la plastiki lililoungua ni pambo la meza. Lakini mtu wa umri wetu, awe wa Kisumu au wa Nakuru, anazikumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008 bila kusimuliwa. Siweki mezani mtaa wa mabati uliochomwa mbele ya watu nisiowajua historia zao, na nakushauri nawe usiweke. Hata pigano la Kisii la Septemba 1914, ambalo mimi na wewe tungelichimba wiki nzima, ni la meza ya wapenzi wa historia. Mtu mwingine ukimwambia "njoo tucheze vita" unampa sababu ya kukataa kabla hajaketi. Mwambie kuna mbio za magari.

Ndiyo, mbio za magari, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko ningeanzia kama ningekuwa wewe. Gaslands ni mchezo wa Mwingereza Mike Hutchinson, uliochapishwa mwaka 2017 na kutolewa upya mwaka 2019. Unauziwa kitabu tu. Magari unatafuta mwenyewe, yale ya kuchezea ya Hot Wheels na Matchbox, ambayo kwa kawaida yana uwiano wa karibu 1 kwa 64 na gari la kweli. Sokoni Kibuye utayakuta kwenye marundo ya vitu vya mitumba, mengine yamekwanguka rangi, na yaliyokwanguka ndiyo mazuri zaidi. Kanuni zina nafasi ya basi, lori na hata pikipiki. Yaani unaweza kuwa na nganya, matatu yenye michoro ubavuni na muziki wa kuwaziwa, ukaipeleka kushindana na boda na lori la miwa. Shemeji yako hatauliza hili ni gari la nani. Atakuambia mwenyewe, na atataka kuchora jina lake kwenye kioo cha nyuma.

Gari huendeshwa kwa vipimo vya kadibodi vyenye maumbo ya njia: iliyonyooka, kona ya taratibu, kona kali. Unachagua kimoja, unakiweka mbele ya gari, unalisogeza hadi mwisho wake, na ukishakigusa hairuhusiwi kubadili mawazo. Gia ni sita. Mzunguko una awamu sita, na gari hucheza katika kila awamu isiyozidi gia yake, kwa hiyo aliye gia ya nne hucheza mara nne na aliye gia ya kwanza mara moja. Basi kila mtu anatamani kupandisha gia. Tatizo ni kwamba kuteleza, kona kali na kugongana hukuongezea alama za hatari, na zikifika sita gari linapoteza mwelekeo na kurudi gia ya kwanza. Sijawahi kuona haja ya kumweleza Mkenya jambo hili mara mbili. Aliyewahi kupanda matatu kutoka Kondele jioni dereva akiwa amechelewa anajua tamaa ya gia ya nne na bei yake. Kanuni zimejaa bunduki na makombora. Siku ya kwanza yaache yote, chezeni mbio tupu, kugongana kunatosha.

Kwa nini mchezo huu unawashika watu namna hii? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu nusu ya kanuni wamekuja nazo kichwani. Hakuna ulimwengu mpya wa kuwafundisha, hakuna majina ya falme za mbali na watawala wake. Na ukiwa Kisumu unayo hadithi moja ambayo ingefanya kazi hiyo hiyo, nayo ni ya Lwanda Magere.

Kila mtoto wa huko ameisikia: shujaa mwenye mwili wa jiwe ambaye mikuki ilimdunda, maadui waliompa binti yao awe mke wake, mke akagundua kwamba uhai wake uko kivulini, akatoroka na siri, na mkuki ukachomwa kivulini. Mimi nimeitengenezea mchezo mdogo. Upande mmoja una kisanamu kimoja tu, Magere mwenyewe, nami nilimpata wa jiwe la Kisii lililochongwa Tabaka, kwa kuwa ilionekana dhambi kumtengeneza kwa plastiki. Upande wa pili una mashujaa wanane na kisanamu cha mke. Pigo lolote likimpata Magere mwilini halihesabiwi. Kwenye pembe ya meza unaweka simu ikiwa imewashwa tochi, na kivuli cha kweli kinachoanguka mezani ndicho shabaha. Kila mzunguko tochi inasogezwa shibiri moja kando ya meza, maana jua halisimami. Mpaka mke avuke meza akafike kwao, hakuna anayeruhusiwa kukilenga kivuli. Baada ya hapo, shujaa atakayekigusa arushe dadu, na akipata tano au sita hadithi imeisha.

Utaona mambo ambayo hujayapanga. Anayecheza Magere ataanza kujificha nyuma ya vichuguu na miti ili kivuli chake kimezwe na kivuli kikubwa. Wengine watabishana kama ni haki kumfukuza mke wako mwenyewe kwa rungu. Mzee mmoja atakatiza na kusema sivyo alivyosimuliwa na bibi yake, na usimkatize, mwache amalize. Zima taa moja ya mkahawa kivuli kionekane vizuri. Huo ni mchezo wa vita kwa maana zote, lakini sijasikia mtu akiuita hivyo.

Kwa mke wako peke yake nina neno tofauti. Hajaniandikia yeye, kwa hiyo nakisia tu: huenda hapendi kukaa jioni nzima akichapwa na mume wake. Wapo wengi wa namna hiyo, na dawa yao ni mchezo wa kushirikiana, ambao nyote mko upande mmoja na adui anaendeshwa na kanuni. HeroQuest, wa zamani tangu 1989, ulirudi mwaka 2021, na una programu ya simu inayochukua nafasi ya yule anayeendesha maadui. Rangers of Shadow Deep, wa McCullough yule yule, huchezwa na mtu mmoja au zaidi kwa visanamu vichache na kadi. Akiona unaumia naye pamoja, badala ya kufurahia anapoumia, mambo hubadilika.

Shemeji naye, kama anavisifu visanamu kwa kuvigeuza geuza na kuangalia macho yao, labda anachotaka ni rangi. Mpe brashi na kisanamu kimoja cha kwake, basi. Wapo wanaopaka rangi maisha yao yote wasirushe dadu hata siku moja, nao ni wanachama kamili wa meza yako. Usiigeuze kazi ya upakaji kuwa mtego wa kumwingiza mchezoni, atanusa.

Pesa. Usinunue kitu chochote bado. Pakua kanuni za bure za One Page Rules, ambazo zina toleo dogo la mapigano ya visanamu vichache, zikachapwe saiba. Kurasa za msingi ni chache na gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Chapa pia visanamu vya karatasi, vikunje, uvigandishe juu ya vizibo vya soda. Kizibo kina upana wa karibu milimita 30, ukubwa unaotosha kabisa kwa kisanamu cha kawaida, na mkahawa hauwezi kukosa vizibo. Vipimo vya Gaslands vikatwe kwa karatasi ya manila. Kitabu chenyewe kinunue ukishaona watu wamerudi mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza watu huja kwa adabu tu. Kwa rangi, zile za akriliki za duka la vifaa vya shule zinafaa ukizipunguza kwa maji kidogo na kupaka mara mbili. Fedha za posta na ushuru wa forodha ziache kwa mambo yako wewe na 40,000.

Sasa yule mwamuzi wa Prussia niliyekuomba umkumbuke. Jumapili ya kwanza usicheze. Shika kanuni wewe, wao watoe amri kwa maneno yao. "Nataka apite kwa yule mti amnyang'anye." Sawa, rusha dadu hii, unahitaji nne. Usimpe mtu kitabu, usimweleze ubaguzi wa kanuni ambao bado haujatokea mezani, na mtu akitaka kufanya kitu ambacho kanuni hazikukitaja lakini akili inakikubali, mwambie arushe dadu. Maofisa wale walicheza hivyo, nasi ndio tuliokuja kudai kila mchezaji awe wakili. Ukicheza pia utashinda, hata usipotaka, kwa kuwa mikono yako imezoea.

Muda nao upange kwa jikoni. Mtu akiagiza samaki wa kukaanga na ugali anajua atangoja, na mchezo wako uishie pale sahani zinapofika. Ukihitaji zaidi ya hapo, punguza visanamu au futi moja ya meza. Meza moja iwe ya magari, karibu na mlango, watu wanaopita wayaone. Nyingine iwe ya Magere, ndani kwenye giza kidogo. Wenye mkahawa hupenda kuuliza kama watoze kiingilio. Mwambie rafiki yako asitoze, mteja anayengoja zamu yake ataagiza soda ya pili.

Wapo ambao hutawapata kamwe, na hawana kasoro yoyote. Mtu anayekuja mkahawani kuzungumza atakerwa na meza yoyote inayomdai amalize zamu, hata iwe ya ludo. Mwache azungumze, ila mkalishe karibu na wachezaji, kwani watoa maoni wa pembeni ni nusu ya furaha ya drafti na wanafaa hapa pia.

Kanuni zangu za Magere zimeenea kwenye ukurasa mmoja. Niandikie vipimo vya meza hizo mbili na kama mkahawa una dirisha upande wa magharibi, maana jua la saa kumi na moja likiingia humo tochi haina kazi na itabidi nibadilishe namna kivuli kinavyosogea, kisha nitakutumia.